Mwanamke Anayelinda Lango la Barua Mitunguu

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Pikapu ya kwanza ya ndizi bado haijafika kwenye banda la ushirika hapa Mitunguu, Meru, lakini Nelius Ruguru ameshafungua kufuli zote mbili za chumba kilicho nyuma ya mzani. Ni chumba kisicho na dirisha. Ndani mna feni inayolalamika, betri mbili kubwa za sola, kalenda ya kanisa ya mwaka juzi, na kompyuta nyeusi iliyolazwa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa.

Anaweka kikombe cha uji mbali na nyaya, anavuta kiti na kuanza kusoma majina ya waliobisha hodi tangu jana jioni.

"Huyu ni mwongo," anasema, akipitisha kidole kwenye kioo. "Huyu pia. Huyu anasema yeye ni benki, lakini anabisha kutoka nchi ambayo hiyo benki haijawahi kufungua hata kibanda. Huyu hapa simjui. Nimemwambia arudi baadaye."

Barua pepe 1,914 zimegonga mlango wa Ushirika wa Ndizi wa Maji Matamu tangu jana jioni. Zilizoruhusiwa kuingia ni 131. Zilizobaki zilikuwa taka: ushindi wa bahati nasibu ambayo hakuna aliyecheza, vifurushi ambavyo hakuna aliyeagiza, na mnunuzi wa Dubai anayetaka tani mia moja za ndizi mradi kwanza atumiwe ada ya usajili.

Ushirika huu una wanachama 312, na barua zao hazikai kwa kampuni yoyote kubwa ya ng'ambo. Zinakaa juu ya kreti ya soda. Nelius, mwenye umri wa miaka 39 na mshahara wa shilingi 24,500 kwa mwezi, ndiye posta.

Leo anasubiri barua moja tu. Kampuni ya kukaanga krispi za ndizi iliyoko Athi River, ambayo ushirika uliipoteza mwaka jana kwa sababu ya barua iliyopotelea njiani, imeahidi kwamba kufikia leo Ijumaa itasema kama inarudi au hairudi. Wako wanachama ambao hadi leo wanaamini kosa lilikuwa la ile kompyuta, na kwa hiyo lilikuwa la Nelius.

"Wacha waamini," anasema. "Mimi nilikuwa hapa na bado niko hapa."

Nelius hakuzaliwa Meru. Alizaliwa karibu na Kiritiri, kwenye nyanda kame za Embu, ambako baba yake alifuga mbuzi na kuuza mkaa mbuzi walipokosa malisho. Kimeru alijifunza ukubwani, baada ya kuolewa na Mutugi, fundi wa mabomba ya kunyunyizia maji mashambani. Diploma yake ya kompyuta aliipata katika chuo kimoja mjini Embu, kisha akafanya kazi miaka minne katika saibakafe. Huko ndiko alikoanza kuzichukia barua taka.

"Mama mmoja alikuja na barua imechapishwa, ameikunja kwa kitambaa kama cheti cha kuzaliwa. Amesoma ameshinda pauni. Ameuza ng'ombe ndio atume hiyo ada," anakumbuka. "Nilimwambia ni uongo. Akanikasirikia mimi. Huyo mwenye alimwandikia hata hakumkasirikia."

Ushirika ulimwajiri mwaka 2014 awe karani wa mzani. Wakati huo barua zote zilikuwa katika sanduku moja la bure ambalo katibu wa zamani alikuwa amelifungua kwa simu yake. Mwaka 2018 katibu akafariki. Miezi miwili baadaye kampuni yenye sanduku ikataka kuhakikisha kwamba anayeingia ni mwenyewe, ikatuma namba ya siri kwenye simu ya marehemu, na laini yenyewe ilikuwa imeshafungwa.

Miaka sita ya mikataba, risiti na barua za wanunuzi ikabaki upande wa pili wa mlango. Nelius aliandikia kampuni hiyo mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja alijibiwa na mashine.

"Niliwaambia mtu amekufa, nikatuma hadi kibali cha mazishi. Mashine ikanijibu, tafadhali jaribu kukumbuka password yako." Anacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Siku hiyo nilisema, barua zetu zitakaa kwetu. Zikipotea, angalau nitajua ni nani nitagombana naye."

Akanunua kompyuta kuukuu kutoka shule moja iliyokuwa inabadilisha mitambo. Akalipia anwani ya kudumu ya mtandao. Kwa miezi mitano alisoma usiku kwa usiku, na Mutugi akamtengenezea mfumo wa sola ili stima ikipotea posta isilale. Gharama yote sasa haizidi shilingi 7,000 kwa mwezi. Kukodi masanduku 86 yanayotumika hapa ushirikani kutoka kampuni kubwa kungegharimu zaidi ya shilingi 50,000, kiasi ambacho kinawalipa makarani wawili na chenji ikabaki.

Tatizo ni kwamba mtu akijenga nyumba yake mwenyewe, nzi nao ni wake.

Wiki ya kwanza taka zilikuwa 300 kwa siku. Mwezi wa pili zilikuwa zimefika 1,000. Ndipo Nelius alipoweka lango. Seva, yaani ile kompyuta ya posta, ikipata barua kutoka kwa mgeni ambaye haijawahi kumwona, haimkatalii wala haimkaribishi. Inamwambia arudi baada ya dakika chache. Mtambo halali wa barua hupanga foleni na kurudi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mtambo wa matapeli una mamilioni ya milango ya kugonga, kwa hiyo hausubiri.

Wanachama hawakulielewa lango hilo mpaka lilipoelezwa na mama mkwe wake, Makandi, mwenye umri wa miaka 71, ambaye kila asubuhi huleta uji ofisini na kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa gunia. Siku wageni wanapoleta posa, anasema, akina mama hufunga njia kwa leso na kuimba, na wageni husimama nje wakiimba nao hadi wafunguliwe.

"Mwenye anataka msichana atangoja hata kama jua ni kali," Makandi anasema. "Mwenye alikuja kwa sababu alisikia kuna nyama, huyo utamwona akienda kwa jirani. Hiyo mashine ya Mama Kendi haina maajabu. Ni leso tu."

Kendi ni binti mkubwa wa Nelius. Anasoma Nairobi, na hapendi kompyuta hata kidogo.

Lango lilipunguza taka, lakini halikuzimaliza, kwa hiyo Nelius akaongeza kichujio, programu inayosoma maneno ya barua na kukisia kama ni ya mtu au ya tapeli. Hapo akakumbana na tatizo ambalo hakuna kitabu kilichomwonya. Kichujio kilikuwa kimefundishwa Kiingereza. Kila barua ya Kimeru kiliitazama kama matusi na kuitupa jalalani, huku matapeli wa Kiingereza safi wakipita wakipunga mkono.

Aliyegundua alikuwa Mzee Kaberia, mkulima mwenye migomba 400 na ulimi mkali, ambaye kila Jumatatu aliandika barua ndefu ya Kimeru kulalamikia mzani. Wiki tatu zilipita bila kujibiwa. Wiki ya nne alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Aliniuliza, Madam, hii mashine yako imenunuliwa na watu wa mzani?" Nelius anasimulia. "Nikafungua jalala, nikapata barua zake zote tatu zimelala na dawa za kuongeza nguvu za kiume. Sikujua niangalie wapi."

Tangu siku hiyo akaamua kuifundisha mashine Kimeru, ilhali yeye mwenyewe alikuwa bado anajifunza. Kila asubuhi alifungua jalala na kuchambua barua moja moja, na alipokwama alimsomea Makandi kwa sauti. Makandi aliamua kesi zote kwa maneno mawili: "Ya mtu," au "Si mtu."

Barua zilizoifundisha zaidi ni za Kaberia, kwa sababu hakuna mwanachama mwingine aliyeandika sana wala kulalamika sana. Baada ya miezi minane kichujio kilikuwa kinaijua lugha kwa kiasi cha kutosha. Makandi anadai kinaijua kuliko mkwe wake, na Nelius habishani naye.

Mzee Kaberia alifariki Machi mwaka jana, na msiba wake karibu uzike posta yenyewe.

Ili hilo lieleweke, lazima kwanza utaratibu wa hapa ueleweke. Wanachama wengi wazee hawana barua pepe. Kila asiyekuwa nayo aliandikisha anwani za watoto wake, hata wenye nayo wakaongeza za watoto wao, na barua ya ushirika humfikia mtoto huko Nairobi, Nakuru au Doha, naye humpigia mzazi simu na kumsomea. Kwa njia hii orodha ya ushirika ina anwani 540, na sehemu kubwa ni za watoto waliokwenda kutafuta.

Kaberia alipokufa, kamati ya mazishi iliundwa, na mwenyekiti wa ushirika, Stephen Muthamia, mwalimu mkuu mstaafu mwenye umri wa miaka 66, akawa mwenyekiti wa kamati hiyo pia. Kwa siku kumi na moja, kila jioni, aliagiza orodha ya michango itumwe kwa anwani zote 540: nani ametoa, nani ameahidi, na jumla imefika wapi. Kila orodha ilikuwa ndefu kuliko ya jana kwa majina matatu au manne.

"Siku ya tatu nilimwambia, Mzee, hizi ni nyingi," anasema Nelius. "Akaniambia, Madam, mtu akifa hakuna nyingi."

Mazishi yalifana. Wiki moja baadaye, barua za ushirika zikaanza kutoweka.

Hazikutoweka hapa. Zilitoka salama, zikafika kwa kampuni kubwa zinazohifadhi barua za nusu ya dunia, na huko zikaelekezwa moja kwa moja kwenye kasha la taka. Miongoni mwake ilikuwemo barua ya kuithibitishia kampuni ya Athi River tani sita za ndizi kila wiki. Kampuni ilisubiri siku tano. Siku ya sita ilinunua kwingine.

Waswahili husema mvumilivu hula mbivu. Hapa Mitunguu mbivu ni hasara, maana watu wa krispi wanataka ndizi mbichi, ngumu, zinazolia kisu kikipita. Wiki hiyo tani sita ziliiva bandani mbele ya macho ya waliozipanda. Nyingine ziliuzwa barabarani kwa bei ya kutupa, nyingine zikawa za ng'ombe. Wenye mikungu yao walikuja mmoja mmoja, na kila mmoja alichungulia chumba cha nyuma.

"Hawakuniambia kitu," anasema Nelius, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Wangenitukana ningejibu. Waliangalia tu hiyo kompyuta, wakaniangalia mimi, wakaenda. Nililia nikiwa nimefunga mlango. Halafu nikafungua, nikaanza kutafuta."

Aliwaandikia wale wakubwa wa barua. Alijibiwa na mashine. Akaandika tena Jumatatu iliyofuata, na ile nyingine. Wakati huohuo Muthamia akaitisha mkutano wa wanachama wote ufanyike baada ya wiki sita, hoja ikiwa moja: seva ifungwe, ushirika ukodi masanduku kama watu wengine.

Jibu lilipatikana wiki ya tatu, na lilikuja kwa njia ya barua. Baadhi ya kampuni za barua humrudishia mtumaji nakala mpokeaji anapobonyeza kitufe cha kusema hii ni taka. Nelius alikuwa amejiandikisha kwa zote zinazotoa huduma hiyo, kisha nakala hizo zikawa zinaingia kwenye folda ambayo hakuwahi kuifungua. "Hilo ni kosa langu, na nimelikubali," anasema. Alipoifungua alikuta arobaini na tatu.

Zote zilikuwa barua ile ile. Orodha ya michango ya mazishi ya Mzee Kaberia.

Nakala hizo huja bila jina la aliyebonyeza. Lakini hapa ushirikani kila mkungu unaoingia bandani hupigwa namba ya mwenye shamba, na Nelius, karani wa mzani kwa miaka mingi, alikuwa ameipa kila barua inayotoka namba yake kwa mtindo huohuo. Alifungua daftari. Dakika ishirini baadaye alikuwa na majina arobaini na matatu, na hakuna hata moja la mgeni.

Walikuwa ni watoto. Watoto wa wanachama, waliosomeshwa na ndizi hizihizi, walikuwa wameiambia dunia kwamba barua za nyumbani ni taka, na kampuni za barua zikawaamini hata kwa zile za biashara. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta," Nelius anasema. "Akaniambia, Mama Kendi, hao hawana ubaya. Hao wamechoka kuchangishwa."

Aliwapigia simu wote, kwa salio lake. Wengine walimkatia. Mmoja alimwambia awapelekee hizo kelele matajiri. Lakini wengi hawakujua walichofanya. Muuguzi mmoja wa Nairobi, ambaye Nelius alituunganisha naye kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe, bado ana haya.

"Kila jioni nikiwa kwa wodi simu inalia, nadhani ni supervisor, kumbe ni Kaberia tena," anasema. "Na nilikuwa nimetoa elfu mbili siku ya kwanza. Sasa nikapress hapo nikadhani nimejitoa tu kwa list. Aunty Nelius aliponiambia ndizi za mamangu zimeozea kwa banda, nilikaa chini kwa corridor."

Aliwaomba jambo moja, kwamba waingie kwenye kasha la taka, watafute barua za ushirika na kubonyeza kwamba si taka. Ishirini na tisa walifanya hivyo siku hiyohiyo. Kisha akabadilisha utaratibu bila kumwuliza mtu: michango yote ikahamia kwenye kundi la simu, na hakuna barua ya watu wengi inayotoka tena ila kwa aliyekubali kuipokea.

Siku ya mkutano watu 206 walijaa bandani. Muthamia alisoma hoja yake kwa sauti ya paredi ya asubuhi. Nelius alipopewa nafasi, alisimama karibu na mzani akiwa na bahasha ya kaki.

Wengi waliokuwepo bado wanayakumbuka maneno yake. "Huu mfereji wetu wa maji tulichimba wenyewe," aliwaambia. "Kila mwaka unaziba. Kuna mtu hapa amewahi kusema, kwa sababu mfereji umeziba, tuhame? Tunaingia na jembe. Hizi barua ni mfereji. Ziliziba, nimezibua nusu, nipeni wakati nizibue hiyo nusu ingine. Mkitaka kukodi, kodini. Lakini siku mwenye nyumba atafunga mlango, mtaenda kulilia mashine."

Kisha akawaeleza kuhusu kitufe, na kwamba waliobonyeza ni watoto wao. Banda likalipuka: ataje. Majina yalikuwa ndani ya bahasha, na kila mtu aliiona bahasha.

"Sitataja," alisema Nelius.

Walipiga kelele kwa dakika kadhaa. Mwanamume mmoja alimwambia kwamba bila majina hayo ni porojo, na kura ipigwe afukuzwe na kompyuta yake. Alisubiri mpaka kukatulia.

"Nikisoma leo mtoto wa fulani alifanya nini na barua yake, kesho nitasoma barua ya nani? Mnataka posta ama mnataka mbea? Pigeni hiyo kura."

Kura haikupigwa. Muthamia aliinuka, akaomba dakika kumi, akatoka nje. Waliokaa karibu na mlango walimwona akizunguka nyuma ya tangi la maji, simu sikioni. Aliporudi hakumtazama mtu. Alisema hoja imeondolewa, na kwamba mkutano uendelee na habari ya mbolea. Hadi leo wanachama wengi hawajui kulitokea nini.

Tulimkuta mwenyekiti asubuhi hii akisimamia upakuaji wa pikapu. Tulipomwuliza kuhusu zile dakika kumi, alivua kofia, akaivaa tena.

"Andika," akasema. "Mimi nina watoto wanne. Nilipigia wote nikiwa hapo nyuma ya tangi. Wawili walibonyeza. Nikaanza kugombeza huyo mdogo, akaniambia, lakini Baba, hizo list si ni wewe ulikuwa unatuma? Na ni kweli. Jina langu lilikuwa chini ya kila moja." Anatikisa kichwa. "Yule mama alikuwa na majina ya watoto wangu kwa bahasha, na mimi nimesimama hapo nikitaka kumfuta kazi. Angesoma hiyo karatasi ningeingia chini ya mzani. Hakusoma."

Tulirudi chumba cha nyuma kumwuliza Nelius kama alijua. Alisukuma droo ya meza kwa goti mpaka ikafunga.

"Posta haina maoni," alisema.

Jumatatu ya tisa tangu aanze kuandika, bila maelezo wala radhi, barua za ushirika zilianza tena kuingia katika masanduku ya kawaida. Nelius hakusherehekea. Hata sasa, kila asubuhi, hujitumia barua kwenye sanduku la bure alilolifungua kwa kazi hiyo tu, kuona itaangukia wapi.

Ana mipango pia. Ndwiga, meneja wa ushirika mdogo wa maziwa upande wa Runyenjes, Embu, amekuja mara mbili kuomba barua zao nazo zihifadhiwe hapa, baada ya mfanyakazi wao kuhadaiwa na barua iliyodai kwamba sanduku lake limejaa. Nelius amekubali, ila kwa masharti. Wataleta mashine yao wenyewe, na wataleta mtu anayekijua Kiembu vizuri wa kukaa na kuchambua jalala kila asubuhi kwa mwaka mzima.

"Kiembu ni chetu, si ningekifundisha mimi?" anasema. "Lakini nikifanya mimi, siku nitakufa watatumiwa namba ya siri kwa simu yangu. Wajifunze."

Saa nne na dakika ishirini. Mstari mpya unatokea kwenye kioo, na Nelius anaacha kuzungumza. Ni Athi River. Kampuni imebadilisha mtambo wake wa barua, kwa hiyo lango halimjui mbishaji huyu. Limeshamwambia arudi baadaye.

Habari inasafiri haraka katika banda lisilo na dari. Baada ya muda mfupi Muthamia yuko mlangoni, jasho likimtoka, na nyuma yake wapakuzi wanne.

"Ni wao?"

"Jina linasema ni wao, Mzee."

"Si ufungue basi. Madam, fungua tu, wasije wakaenda."

Anaweza kufungua. Ni amri ya mstari mmoja, na vidole vyake viko juu ya kibodi. Anaviondoa, anavifuta kwa leso yake.

"Hata yule wa asubuhi jina lilisema ni benki," anasema. "Mwaka jana mimi nilikuwa nje ya lango la watu, Jumatatu tisa. Nilirudi zote. Wao ni dakika kumi na tano."

Hakuna anayeondoka. Mwenyekiti anaegemea mwimo wa mlango, macho kwenye saa yake. Makandi, juu ya ndoo yake, anaendelea kumenya ndizi za mchana kana kwamba hakuna kinachotokea, ila ganda moja amelimenya mara mbili. Saa nne na dakika thelathini na sita, hakuna kitu. Thelathini na nane, hakuna. Mpakuzi mmoja anaguna, na Muthamia anamgeukia kwa jicho la mwalimu mkuu.

Saa nne na dakika arobaini na moja, mgeni anabisha tena. Safari hii lango linafunguka.

Nelius anaisoma kwanza kimya, mpaka mwisho, kisha kwa sauti. Tani mbili, Jumanne, kwa majaribio. Wakiridhika watarudi kwenye sita. Wanaomba jibu leo.

Makandi anainua kichwa. "Ya mtu," anasema.

Nelius anaandika jibu la mistari mitatu, analituma, kisha anainua simu na kupiga Athi River. Anauliza jambo moja tu: imeangukia wapi? Anasikiliza, anashukuru, anakata. Imeangukia mahali pake, juu kabisa ya nyingine zote.

Tunamwuliza atafanya nini wakubwa wakimfungia tena, kwa sababu hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba hawatamfungia.

"Wafunge," anasema, akirudisha macho kwenye orodha ya wanaobisha. "Kreti ni hii, na kiti ni hiki. Nitabisha kila Jumatatu mpaka wachoke wao." Halafu, bila kugeuka, anamwambia mwenyekiti kwamba Jumanne si mbali, na ndizi za krispi hukatwa zikiwa ngumu.

Muthamia anaweka kofia yake sawa na kutoka kwenda kuwaita wakataji. Anawaita kwa simu, mmoja mmoja.